Nani Atabeba Shaka? Uhalali wa Kisiasa katika Udhibiti wa Dawa na Vifaa Tiba

Mheshimiwa Mwenyekiti, wafamasia, matabibu, wanasheria, na ninyi watathmini wa dawa ambao watu hawajui kuwa mpo mpaka siku mambo yanapokwenda mrama:

Nimeombwa kuzungumzia uhalali wa kisiasa katika udhibiti wa dawa na vifaa tiba. Ninajua kwamba siasa ikitajwa mbele ya wataalamu wa udhibiti, wengi hukunja uso, kwa kuwa wamezoea kuiona kama kitu kinachovamia kazi yao kutoka nje: waziri anayepiga simu usiku, mfanyabiashara mwenye marafiki wakubwa, mbunge anayetaka kuelezwa kwa nini kibali cha kiwanda fulani kimechelewa. Mambo hayo yapo na yanastahili kukemewa, lakini leo sitayagusa sana. Ninalotaka kulijadili ni siasa iliyomo ndani ya uamuzi wenyewe, ile inayobaki hata pale ambapo hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyepokea bahasha, na kila jedwali la takwimu limehakikiwa mara mbili.

Mamlaka ya dawa inapokaa kuamua kama dawa isajiliwe, hujibu maswali mawili ambayo kwenye karatasi huonekana kuwa moja. La kwanza ni la ushahidi: dawa hii inafanya nini mwilini, kwa watu wangapi, kwa madhara gani, na tuna uhakika kiasi gani? La pili ni la uzani: je, faida hiyo inatosha kuyavumilia madhara hayo, na shaka iliyobaki ibebwe na nani? Swali la kwanza lina wataalamu wake. La pili halina, kwa sababu hakuna jaribio la kitabibu, hata liwe kubwa namna gani, linaloweza kutuambia kwamba ni sawa mgonjwa mmoja apofuke ili wagonjwa mia moja watembee. Hilo huamuliwa kwa niaba ya umma na watu ambao umma haukuwachagua. Hoja yangu ni kwamba uhalali wa mamlaka ya dawa husimama au kuanguka kwenye swali hilo la pili, na kwamba mamlaka nyingi hujidhoofisha zenyewe kwa kulificha ndani ya la kwanza.

Mwaka 2021 ulituonyesha jambo hili mchana kweupe. Mwezi Machi, baada ya taarifa za watu wachache kupata aina adimu ya kuganda kwa damu kufuatia chanjo ya AstraZeneca, serikali kadhaa za Ulaya zilisitisha matumizi yake. Tarehe 18 Machi Shirika la Dawa la Ulaya, EMA, lilitangaza kwamba faida za chanjo hiyo zilikuwa bado zinazidi hatari zake. Kilichofuata kinafaa kufundishwa katika kila chuo cha famasia. Ufaransa iliibakiza kwa wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, Ujerumani ikaiweka kwa wenye miaka 60 na zaidi, Uingereza ikashauri vijana wa chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine na baadaye ikapandisha umri huo hadi 40, na Denmark ikaiacha kabisa. Ushahidi uliokuwa mezani ulikuwa karibu uleule. Hakuna hata nchi moja kati ya hizo iliyokuwa imeasi sayansi. Kila moja ilikuwa na kiwango chake cha maambukizi, akiba yake ya chanjo nyingine, na uzani wake kuhusu kijana mwenye afya kuwekwa hatarini, hata kama hatari yenyewe ni ndogo sana, ili mzee asiyemfahamu apone. Wananchi walipoona hivyo, wengi walihitimisha kwamba wanasayansi wanagombana au wanadanganya. Nadhani hitimisho hilo tulilitengeneza sisi wenyewe, kwa kuwaambia watu kwa miaka mingi kwamba sayansi huamua. Sayansi ilikuwa imetoa ilichoweza kutoa. Kilichobaki kilikuwa uzani, na uzani hauna sababu ya kufanana Paris na Copenhagen.

Ninapotumia neno uhalali, basi, simaanishi tu kwamba chombo kimeundwa kwa sheria ya bunge na mkurugenzi wake ana barua ya uteuzi. Ninazungumzia sababu inayomfanya mtu ambaye uamuzi umemwumiza aseme kwamba hata hivyo walikuwa na haki ya kuamua. Mgonjwa aliyenyimwa dawa ya mwisho iliyobaki, au mama aliyemeza kidonge kilichomdhuru mtoto wake, ndiye mtahini wetu. Wale ambao dawa imewafaa hawana haja ya kuuliza.

Sheria nyingi za dawa zimeandikwa baada ya mazishi. Mwaka 1937 kampuni moja nchini Marekani iliyeyusha dawa ya sulfanilamaidi ndani ya diethilini glaikoli, ambayo ni sumu, ikatia ladha ya tunda na kuipeleka sokoni bila kuijaribu. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Sheria ya wakati huo haikumlazimu mtengenezaji kuthibitisha usalama wa chochote. Maofisa waliikamata dawa hiyo kwa kosa la lebo, kwamba iliandikwa kuwa ni eliksiri, yaani dawa ya maji yenye pombe, ilhali haikuwa na pombe ndani yake. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutaka usalama uonyeshwe kabla ya dawa kuuzwa. Kisha ikaja thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia na wajawazito, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, baada ya kuathiri maelfu ya watoto waliozaliwa na viungo visivyokamilika katika nchi nyingi. Katika mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, maombi ya kuisajili yaliangukia mezani kwa Frances Kelsey, mtathmini aliyekuwa ameajiriwa mwaka huohuo wa 1960. Aliyakuta na mapungufu, akaomba maelezo zaidi, akaletewa maelezo dhaifu, akaomba tena. Kampuni ililalamika kwa wakubwa wake. Yeye akaendelea kuomba.

Kelsey alitunukiwa nishani na Rais Kennedy mwaka 1962, na mwezi Oktoba mwaka huo sheria ikaongezwa nguvu ili kampuni zionyeshe pia kwamba dawa inafanya kazi. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa utaalamu, na kwa kweli ni ushindi wa utaalamu. Lakini kitazameni kwa jicho la mada yetu. Mtumishi mmoja wa umma, asiyechaguliwa na yeyote, aliizuia dawa ambayo madaktari wa nchi nyingine walikuwa wakiiandika kila siku, na alifanya hivyo kabla hajawa na ushahidi kwamba inaharibu watoto tumboni. Uhalali wa kusubiri kwake ulikuja baadaye, ulipoletwa na matokeo. Kama thalidomaidi ingekuwa salama, jina lake pengine lingekumbukwa na mawakala wa kampuni peke yao, na kwa hasira.

Miaka ishirini na sita baadaye chombo hichohicho, kwa nguvu ileile ya kusema subirini, kilizingirwa. Tarehe 11 Oktoba 1988 waandamanaji zaidi ya 1,000, wakiongozwa na ACT UP, kundi la wanaharakati wa UKIMWI, walifika makao makuu ya FDA huko Rockville, Maryland, wakalifunga jengo kwa siku nzima. Wengi wao walikuwa wanaishi na UKIMWI au walikuwa wamewazika wenzao. Walichokuwa wakisema ni kwamba usalama unaolindwa kwa kusubiri una maana kwa mtu mwenye miaka ya kusubiri, na wao hawakuwa nayo. Baadhi ya viongozi wao walikuwa wamejifunza taratibu za majaribio ya kitabibu kwa undani uliowashangaza maofisa, na walidai kukaa kwenye kamati zinazoyapanga. Hawakudai sayansi ipuuzwe. Walidai kwamba aliyebeba hatari awe na kauli juu ya hatari anayobebeshwa. Mwaka 1992 FDA iliweka kanuni za idhini ya haraka, ambapo dawa ya ugonjwa mkubwa inaweza kuruhusiwa kwa kuangalia kipimo cha mwili kinachotarajiwa kuashiria manufaa, kwa sharti kwamba manufaa yenyewe yathibitishwe baadaye.

Kwa maoni yangu hapo ndipo uhalali wa mamlaka za dawa uliongezewa mguu wa pili. Wa kwanza ulikuwa matokeo: tuaminini kwa sababu tunawakinga. Wa pili ni ushiriki: tuaminini kwa sababu mlikuwepo tulipoamua. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na waandamanaji wa Rockville walikuwa wameielewa methali hiyo bila kufundishwa. Ila mguu huo wa pili unaweza kukodiwa.

Tuchukue dawa ya aducanumab, iliyouzwa kwa jina la Aduhelm kwa ajili ya ugonjwa wa Alzheimer. Majaribio yake mawili makubwa yalisimamishwa mapema mwaka 2019 kwa kuonekana hayaelekei kufaulu. Baadaye kampuni ikasema kwamba uchambuzi mpya wa mojawapo unaonyesha manufaa. Novemba 2020 kamati ya washauri wa nje wa FDA ilipoulizwa kama jaribio hilo lichukuliwe kuwa ushahidi mkuu wa ufanisi, wajumbe 10 walisema hapana, mmoja hakuwa na uhakika, na hakuna aliyesema ndiyo. Tarehe 7 Juni 2021 dawa iliidhinishwa. Idhini ilipitia ile njia ya haraka, kwa hoja kwamba dawa inapunguza amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa wagonjwa hao, ingawa kamati haikuwa imeombwa ushauri wa kuipitisha kwa msingi huo. Wajumbe watatu wa kamati walijiuzulu. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 56,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Mwezi Aprili 2022 bima ya umma ya wazee ya Marekani, Medicare, ilikataa kuilipia isipokuwa kwa wagonjwa walio ndani ya majaribio, na mwanzoni mwa 2024 kampuni ikatangaza kuiacha.

Nawaomba tusikimbilie kusema kwamba FDA ilikosea kwa kuwapinga washauri wake. Washauri ni washauri, na chombo kinachofuata kila kura ya kamati kimeikabidhi kazi yake kwa watu wasiowajibika kwa yeyote. Isitoshe, vyama vya wagonjwa na familia zao viliomba idhini hiyo kwa machozi ya kweli, na mtu aliyeona mzazi wake akisahau majina ya watoto wake hawezi kuwabeza. Tatizo ni jinsi uzani ulivyofanyika. Swali lililojadiliwa hadharani lilikuwa moja, na swali lililojibiwa faraghani lilikuwa jingine. Kama FDA ingesimama na kusema kwamba ushahidi wa manufaa ni dhaifu, kwamba wao wameamua kuwa katika ugonjwa usio na tiba shaka hii inavumilika, na kwamba wanawaachia wagonjwa wachague, tungegombana nayo, lakini tungegombana juu ya jambo lenyewe. Badala yake uamuzi wa thamani ulivishwa koti la kipimo cha maabara. Uchunguzi wa kamati mbili za Baraza la Wawakilishi, uliotolewa Desemba 2022, uliukuta mchakato huo na kasoro nyingi, zikiwemo za ukaribu usio wa kawaida kati ya mamlaka na kampuni katika matayarisho ya mkutano wa kamati.

Ukaribu huo unatupeleka kwenye fedha, ambazo nitazipitia kwa haraka kwa sababu zinajulikana. Tangu 1992 kampuni za dawa Marekani hulipa ada kwa FDA ili maombi yao yashughulikiwe kwa muda uliowekwa, na makubaliano hayo hujadiliwa upya kila baada ya miaka mitano. EMA nayo hupata takriban asilimia 90 ya mapato yake kwa ada. Watu husema mkono mtupu haulambwi, kisha wakahitimisha kwamba watathmini wamenunuliwa. Sijaona ushahidi wa kununuliwa kwa namna hiyo. Ninachokiona ni kwamba ada huja na saa ya kuhesabia: mamlaka hupimwa kwa siku ilizotumia kutoa jibu, na hakuna anayeipima kwa bidii hiyohiyo kwa mara ilizorudi kuichunguza dawa iliyokwisha kuuzwa. Ratiba ya kazi, kwa hiyo, huwa imeshafanya uzani kabla mtathmini hajafungua jalada.

Sasa niingie kwenye vifaa tiba, ambako nakiri kwamba hofu yangu ni kubwa zaidi. Kwenye dawa angalau kuna chombo cha umma kinachosema ndiyo au hapana, na ukikasirika unajua mlango wa kugonga. Katika Umoja wa Ulaya, kifaa tiba cha hatari kubwa huruhusiwa sokoni kwa cheti cha taasisi iliyoidhinishwa, ambayo mara nyingi ni kampuni binafsi, inayolipwa na mtengenezaji anayekaguliwa kwa mkataba baina yao. Dola imekasimu uwezo wake wa kuruhusu kitu kiwekwe ndani ya mwili wa raia, na imeukasimu kwa mkataba wa biashara.

Kiwanda cha Poly Implant Prothèse kilikuwa La Seyne-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, na kilitengeneza vipandikizi vya matiti. Tangu 1997 mfumo wake wa ubora ulikuwa na cheti cha TÜV Rheinland ya Ujerumani, taasisi yenye heshima. Ukaguzi ulikuwa ukitangazwa siku kadhaa kabla. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alieleza baadaye kwamba wafanyakazi walikuwa wanajua la kufanya wageni wanapokaribia: vyombo vya silikoni ya viwandani, ambayo haikuwa imeidhinishwa kwa tiba, viliondolewa, na nyaraka zinazoihusu zikafichwa. Mkaguzi akapitia majalada, majalada yakawa safi, mkaguzi akaondoka. Mwezi Machi 2010 wakaguzi wa mamlaka ya Ufaransa walipofika, mmoja aliona vyombo vitupu vya plastiki vilivyotupwa kando ya ukuta wa nje wa kiwanda, na majina yaliyokuwa juu yake hayakulingana na malighafi iliyotajwa kwenye karatasi. Kufikia hapo mamia ya maelfu ya wanawake, katika nchi nyingi, walikuwa wanaishi na vipandikizi hivyo vifuani. Mas alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwezi Desemba 2013.

Ulaghai ni ulaghai, na hakuna mfumo usiodanganywa. Kinachonisumbua ni kilichowapata wanawake hao walipouliza nani anawajibika. Mmoja wao, wa Ujerumani, aliishtaki taasisi iliyotoa cheti, na kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Mwezi Februari 2017 mahakama ilieleza kwamba kwa kanuni za wakati huo taasisi kama hiyo haikuwa na wajibu wa jumla wa kufanya ukaguzi wa kushtukiza au kuchunguza vifaa vyenyewe, ingawa ilipaswa kuchukua hatua pale ilipokuwa na dalili kwamba kifaa hakikidhi masharti. Kisheria hukumu hiyo inaeleweka. Kisiasa inamwacha mgonjwa akizungushwa: serikali ilimwambia cheti kimetolewa na taasisi, taasisi ikamwambia mkataba wake ni na mtengenezaji, na mtengenezaji amefilisika. Tuliukasimu uwezo bila kuukasimu uwajibikaji. Kanuni mpya za Ulaya, namba 2017/745, zilizoanza kutumika tarehe 26 Mei 2021, zililazimisha ukaguzi wa kushtukiza na kuzibana zaidi taasisi hizo. Kisha mwaka 2023 muda wa mpito ukasogezwa mbele hadi 2027 na 2028, kwa sababu taasisi zilikuwa chache, kazi ilikuwa nyingi, na hospitali zilihofia kukosa vifaa. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Ila ni nani, kati ya wenye vipandikizi, aliyeulizwa?

Marekani ina njia yake ya mkato. Sheria ya vifaa ya mwaka 1976 iliruhusu kifaa kipya kupita kwa kuonyesha kwamba kinafanana vya kutosha na kingine kilichokuwepo sokoni, bila kufanyiwa majaribio mapya kwa watu. Kifaa cha leo hufanana na cha juzi, cha juzi na cha mwaka juzi, na ukiufuata mnyororo huo hadi mwanzo unaweza kukuta kilichokuwepo kabla sheria haijaandikwa, ambacho hakikupimwa na yeyote. Nyonga bandia ya chuma kwa chuma aina ya ASR XL ilipita kwa mlango huo mwaka 2005, na mwezi Agosti 2010 ikaondolewa sokoni duniani kote, ikiwa imeshawekwa kwa wagonjwa wapatao 93,000 pamoja na ndugu yake ASR. Bunge liliporuhusu njia hiyo lilifanya uzani halali: ubunifu usicheleweshwe kwa mabadiliko madogo. Lakini uzani wa mwaka 1976 umeendelea kutumika juu ya miili ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa, na hakuna aliyeuhuisha.

Nchini Uingereza, jopo lililoongozwa na Julia Cumberlege lilisikiliza kwa zaidi ya miaka miwili wanawake na familia zilizoathiriwa na nyavu zinazopandikizwa nyongani kushikilia viungo vya ndani, dawa ya kifafa ya valproeti wakati wa ujauzito, na kipimo cha homoni cha ujauzito kilichoitwa Primodos. Ripoti yake ya Julai 2020 iliuelezea mfumo wa afya kuwa uliogawanyika, unaojihami, na usiowasikia wagonjwa. Wengi walikuwa wameripoti maumivu yao kwa miaka, na kila ripoti ilipokelewa kama kisa cha mtu mmoja. Hapa pana somo la uhalali ambalo mabaraza ya wataalamu hulikwepa. Tunamwalika mgonjwa mezani kabla ya kusajili, anapokuja na matumaini, na tunamfungia mlango baada ya kusajili, anapokuja na malalamiko. Ushiriki wa namna hiyo ni mapambo.

Niligusie, kabla sijamaliza, suala la mipaka ya nchi. Viwango vingi vinavyotumika duniani kuhusu majaribio ya kitabibu na nyaraka za usajili hutoka katika baraza la ICH, lililoanzishwa mwaka 1990 na mamlaka za Ulaya, Japani na Marekani pamoja na vyama vya watengenezaji vya maeneo hayohayo. Liliupanua uanachama wake baada ya mabadiliko ya mwaka 2015, lakini nchi nyingi zimevipokea viwango hivyo bila kuwahi kuketi pale vilipoandikwa. Juu ya hayo, mamlaka zenye watumishi wachache huhimizwa kutegemea tathmini zilizofanywa na mamlaka kubwa. Mimi ninaunga mkono utaratibu huo. Kurudia kazi iliyokwisha kufanywa vizuri ni kupoteza muda wa wagonjwa. Lakini unachoweza kukiazima ni jibu la swali la kwanza, lile la ushahidi. Uzani hauazimwi, kwa sababu faida na hatari hubadilika kulingana na ugonjwa ulioenea, tiba mbadala iliyopo, na uwezo wa hospitali kuyatambua madhara mapema. Mkataba wa Shirika la Dawa la Afrika, uliopitishwa Februari 2019 na kuanza kutumika Novemba 2021, utapimwa kwa hilo: kama nchi wanachama zitautumia kufanya uzani wao kwa pamoja, au kugonga mihuri ya wengine kwa pamoja.

Na pale ambapo hakuna anayefanya uzani wala upimaji, yale ya 1937 hurudi. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na diethilini glaikoli, sumu ileile, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia. Dawa zilitengenezwa India, ambako sharti la kupima dawa za kikohozi kabla ya kusafirishwa nje liliwekwa katikati ya 2023. Wazazi wa watoto wale walikuwa chini ya mamlaka mbili, moja ya kuruhusu kuuza nje na nyingine ya kuruhusu kuingiza, na kila moja ilikuwa na sababu ya kuamini kwamba nyingine imeangalia.

Mtaniuliza ninataka nini kifanyike. Ninataka kila idhini iambatane na maelezo ya uzani, yaliyotengwa na ushahidi na kuandikwa na mamlaka yenyewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaisoma: ni madhara gani tumeyakubali, kwa manufaa gani, nani hasa atayabeba, ni wajumbe gani walipinga na kwa hoja ipi, na ni habari gani ikipatikana tutabadili msimamo. Nimeshaambiwa kwamba maelezo ya namna hiyo yatawatia watu hofu na kuwapa mawakili silaha. Huko ni kutaka kufunika kombe mwanaharamu apite, na uzoefu unaonyesha kwamba hapiti. EMA imekuwa ikichapisha ripoti za tathmini ya dawa inazoziidhinisha, hata maoni ya wajumbe waliopinga, na dawa bado zinanunuliwa. Kampuni zilipokwenda mahakamani kuzuia ripoti za majaribio zisitolewe kwa wanaoziomba, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa mwezi Januari 2020, na viwanda havikufungwa.

Kwenye vifaa tiba tuko nyuma zaidi. Kanuni mpya za Ulaya zinampa mwenye kipandikizi kadi yenye jina la kifaa, namba yake na anwani ya mtengenezaji, na kwa vifaa vya hatari kubwa zinataka uwepo muhtasari wa usalama unaosomeka na mgonjwa. Hiyo ni hatua, na ninaipongeza. Lakini muhtasari huo huandikwa na mtengenezaji, kisha taasisi iliyompa cheti huuhakiki, na taasisi hiyo haitakiwi kutajwa kwenye kadi. Ningeanza na kadi hiyo: jina la aliyesema ndiyo liandikwe juu yake, pamoja na mahali pa kusoma sababu zake kwa maneno yake mwenyewe na anwani ya kupeleka malalamiko ambayo kisheria lazima yajibiwe. Ni badiliko dogo la kanuni, halihitaji teknolojia mpya, na wapo katika ukumbi huu wenye uwezo wa kulipendekeza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru, na niko tayari kwa maswali.